Blanketi Jepesi la Ndululu

Ndululu hushona kwenye baraza lililopakana na langu, hapa soko la Kikima, na nimemsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mume wangu. Kwa hivyo nikisema mama huyu ni mkaidi, najua ninachosema.

Mtoto wake wa pekee, Kavata, aliolewa Kibwezi. Kila Kavata alipojifungua, Ndululu alimshonea mtoto blanketi la viraka: flaneli juu, flaneli chini, na katikati blanketi kuukuu. Huku kwetu Mbooni baridi ya Julai hukuingia mpaka kwenye meno, na hakuwahi kufikiria kwamba kuna mahali mtoto hulala bila kufunikwa. Mablanketi yote yalikunjwa yakatiwa sandukuni huko Kibwezi. Kavata aliificha siri hiyo kwa heshima, mpaka mwaka jana, akiwa na mimba ya nne, akachoka kuificha.

"Mwaitu, huku ni joto," alimwambia mama yake kwenye simu, na kwa kuwa Ndululu hupenda kuweka spika, baraza zima tukasikia. "Hiyo blanketi yako itanipikia mtoto! Ukishona, shona kitu nyepesi."

Nilicheka mpaka nikaangusha makasi. Ndululu hakucheka. Alikuwa na hamu nyingine kabisa na mimba ile.

Kwetu Ukambani, msichana wa kwanza huchukua jina la mamake baba, na wa pili la mamake mama. Kavata alianza na msichana, akaitwa Kalondu, jina la mama mkwe wake. Halafu wakaja wavulana wawili. Mimi nina wajukuu wenye jina langu, na nikimwita mmoja wao naye akaitika, nasikia raha nisiyoweza kuieleza. Najua nikishazikwa, bado nitaitwa nije nile. Ndululu hakuwa na mtu wa kumwita hivyo, na Kavata alikuwa ameshasema huyu wa nne ndiye wa mwisho. Hospitalini wangeweza kumwambia mapema kama ni msichana, lakini alikataa kuuliza.

"Ni msichana," Ndululu aliniambia.

"Nani amekuambia?"

"Vile anabeba."

"Hata wale wavulana ulisema ni vile anabeba."

"Mama Nzuki, shona sare zako."

Basi akaanza. Alichagua mashati ya flaneli kwenye marundo ya mitumba, yale yaliyochakaa vizuri, akayafua kabla ya kukata, maana flaneli isipofuliwa kwanza hujikunja baadaye na kuharibu kazi yote. Alikata viraka vya rangi ya papai na vya bluu iliyopauka. Safari hii hakuweka kitu katikati. Alipanga vitambaa viwili tu, mgongo kwa mgongo, akavipiga bandi kwa mkono ili visitembee, ndipo akapitisha cherehani. Kila mara alikuwa akilinyanyua blanketi kwa vidole viwili kulipima uzito. Siku moja nilimkuta amejifunika uso nalo, akipumua ndani yake. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza.

Amebakiza upindo wa mwisho, simu ikalia. Alikuwa mkwe wake, mume wa Kavata. Mama na mtoto wazima, alisema. Kijana mwingine! Ataitwa Nzioka, jina la ndugu yake.

"Mungu ashukuriwe," Ndululu alisema. "Mwambie Kavata anywe uji."

Akakata simu, akarudi kwenye upindo. Aliushona ukapinda, yeye ambaye huwafumulisha wenzake kazi kwa kosa dogo kuliko hilo. Sikumwambia. Niliona uchungu wake nikauonea uchungu, na mimi kwa kawaida si mtu wa kunyamaza.

Aliufumua mwenyewe asubuhi, akaushona upya, akashuka na blanketi Kibwezi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Kavata. Jua lilikuwa limewaka mpaka kuku wakajificha chini ya mkokoteni. Mtoto alilia kwa kila alichofunikwa, akikipiga mateke. Ndululu akamwekea lile jepesi. Akatulia, akalala, kitambaa kikipanda na kushuka juu ya kifua chake. Kalondu akamwambia nyanya yake, "Susu, hii ndiyo nzuri," na kila mtu akakubali, wakatoka nje kutafuta hewa.

Kavata alirudi na beseni la maji. Akiwa mlangoni akamwona mama yake ameinama juu ya kitanda.

"Ndululu," mama yake alimwita mtoto, polepole. Akangoja kidogo, halafu akaita tena. "Ndululu."

"Ungemwona, Mama Nzuki," Kavata aliniambia. "Nilikuwa na beseni mkononi. Nikarudi nje, nikamwachia."