Eda Haikaliwi kwa Moshi

Nakumbuka siku ile wadi, bonde la mto mkavu, ilipofurika kwa mvua hapa Ibra, nami bi harusi mpya, hina haijafutika mikononi. Mume wangu alikuwa njiani kutoka Sur. Akaja mtu kasema kaona Landirova yake inachukuliwa na maji. Majirani hawakungoja, mwanangu, mara nyumba imejaa, mmoja kanishika mkono: "Vua dhahabu, mama, ukae eda."

Nikaanza kuvua bangili. Moja ikakwama, mkono wangu ulikuwa mnene siku zile, si huu uuonao.

"Wacha!" Bibi yangu huyo, kaketi na tasbihi yake. "Nani kamwona maiti? Nani kamkosha?"

"Bi Mkubwa, lisemwalo lipo."

"Na kama halipo li njiani. Basi lingoje huko huko njiani!"

Akatuhadithia ya ujana wake Unguja, wakati wa vita vya Mjarumani. Babu, mumewe, alikuwa akifuata boriti Rufiji, mto ule akiujua kona kwa kona. Manowari za Mwingereza zikamchukua awaonyeshe njia, maana Mjarumani kaificha meli yake ndani ya mto. Wakaupanda mto, mikoko huku na huku, mara mizinga ikalia mikokoni. Mashua aliyokuwamo Babu ikawaka. Waliorudi Unguja wakasema wameona moshi, basi. Mawifi wakamletea Bibi nguo za eda, akazikataa. "Nitamkalia mtu eda, moshi siukalii!" Wakamwita hana haya, mtaa mzima ukamsema. Mpaka siku moja, Babu huyo mlangoni, kakonda, homa imemla. Alijitupa majini, watu wa Rufiji wakamficha. Neno lake la kwanza: "Hitma yangu mlipika pilau, au wali mweupe tu?"

Tukacheka, hata yule aliyenishika mkono. Nikairudisha bangili, nikenda kusimama mlangoni. Laasiri mume wangu akaingia, matope mpaka kiunoni. Gari limekwenda, yeye kapanda jabali. Nililia siku ile kuliko mfiwa, alhamdulillahi.

Basi mwanangu, siku hizi habari mbaya huingia kwenye simu kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Usimzike mtu kwa maneno ya watu. Uliza kwanza nani kaona kwa macho yake, kisha subiri. Subira yavuta heri. Na ikiwa ni kweli, kilio hakikimbii, utakikuta palepale.

Mola akurudishieni kila aliye safarini, mumpokee kwa vicheko. Amin.