Mudogo Wangu Aliniua Juu ya Maua

Wapenzi wa ukurasa huu, admin amekubali kuficha jina langu. Hata hivyo, kule kwetu mimi ni marehemu tayari. Soma utaelewa.

Niko mama wa miaka 47, ninauzisha makala ya kupikia hapa Goma, mutaa wa Mabanga. Zamani tulikaa Masisi, kwenye kilima cha papa, baba yetu. Pale nilipanda miti ya mapeshi, wengine wanaita mapichi, shamba nzima, kwa kokwa za kuokota. Mudogo wangu wa kike alikuwa anacheka dada yake mukubwa: "Yaya, panda viazi kama watu!" Kila mwaka, mavuno yakiisha, nilitoa majani yote kwa mikono, muti kwa muti, mpaka shamba ikafanana kuni. Wiki ine tu baadaye, mulima wote ukawa pinki. Kwetu hakuna baridi ya kuangusha majani. Usipoyatoa, peshi inalala tu. Mudogo wangu hakuuliza sababu hata siku moja. Aliniita kichaa.

Vita ikatutupa kambi ya Mugunga, chini ya shitingi, hema za plastiki. Mimi nikabaki Goma sababu ya masomo ya watoto, yeye akarudi kilimani kwa mama yetu muzee. Mwaka jana mvua ya mawe ikapiga majani yote chini, miti ikachanua kwa mara moja. Bibi arusi mumoja akapanda kupiga picha, picha ikazunguka matelefone yote ya Goma. Basi kila Dimanche, siku ya kanisa, mapikipiki, brosheti za nyama, maziwa ya moto. Mudogo wangu akavaa kofia kubwa, akaitwa Mama Maua. Mimi wananiita "we wa makala".

Nisiwadanganye: ni wivu. Unanikula hata nikikunywa chai.

Nikapanda kule kama mugeni, kitambaa mpaka machoni. Nikamusikia anaelezea watu: "Miti hii yaya wangu aliipanda. Alikufia kambini." Akapangusa jicho. Wageni wote wakainamisha vichwa. Na mimi nikainamisha, ningefanya nini? Kusema kweli, nilililiwa vizuri.

Nikamufuata nyuma ya jiko. "Nilikufa lini?"

Akashituka, akanishika mukono. "Yaya, usiniharibie! Mutu angali hai, nani atamulilia?"

Juzi akapiga simu, sauti imekauka: "Yaya, miti imejaa majani, maua hapana. Tumefunga na kuomba siku tatu. Wiki tano zikipita kuna arusi, nilishawaahidi maua! Wewe ulikuwa unaifanya nini?"

Nikamujibu: "Marehemu anajua nini?" Nikakata.

Majani yanapaswa kutolewa wiki hii, kama sivyo arusi itapita kabla ya maua. Nikisema, Mama Maua atazidi kuitwa Mama Maua kwa kazi ya mikono yangu. Nikinyamaza, watu watasema miti yangu ni tasa, na mama yetu muzee anakula kwa maua hayo hayo.

Ndugu zangu, munipe akili: nifufuke, ao nibaki kaburini mpaka arusi ipite? Musiniambie tu nisamehe, hiyo nilishaisikia kanisani. Jibuni mbio. Tangu jana ninapita kwenye miti ya jirani hapa Majengo ninapokaa, na vidole vyangu vinatoa majani bila mutu kuvituma.