Mwanafunzi wa Nane

Nilisikia kwanza karatasi ikichanwa, polepole, nyuma ya mlango uliofungwa. Nilipoingia nilimkuta Msajili, bosi wangu wa kwanza, ameshika vipande viwili vya fomu.

"Wewe ndiye karani mpya?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu kachagua kozi sita za hiari, anadhani yuko kwenye chakula cha harusi. Kaa hapo. Kazi yako ni kuwaacha wachague, halafu uwaeleze kwa nini walichochagua hakipo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hiyo ilikuwa Mugumu, kwenye kituo kidogo cha chuo kikuu kilichofundisha watu wenye kazi zao: walimu, wauguzi, wapishi wa kambi za watalii. Niwaeleze nyinyi mnaoanza. Kozi ya lazima ni ile ambayo bila hiyo hupati shahada. Ya hiari unaichagua mwenyewe kutimiza idadi ya masomo. Halafu kuna kozi maalumu, zilizotungwa kwa wenye hamu na jambo fulani, kama ufugaji wa nyuki, historia ya koo, au wanyamapori na mashamba. Mtu aliweza kusoma kwa mwendo wake, Jumamosi au wakati wa likizo. Tuliuita utaratibu nyumbufu. Miaka yote niliyokaa pale sikujua unanyumbuka kuelekea wapi.

Maana watu hawakuchagua kama kitabu chetu cha mwongozo kilivyotarajia. Wa rika moja walikuja pamoja. Wa kwanza akiandika nyuki, wote wanaandika nyuki, hata yule anayekimbia akisikia mvumo wa nyuki mmoja tu. Mwaka uliofuata kozi ileile ilikosa mtu kabisa. Nilijaza taarifa, nikapanga sababu, na kila sababu ilinikimbia.

Baadaye nikahamishiwa Tarime mjini, chini ya Mkuu wa Kituo, mama mtaratibu aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Huko, mwaka wangu wa mwisho kazini, ndiko nilikofanya kosa ambalo bado linanizunguka kichwani.

Kozi ya wanyamapori na mashamba ilikuwa na watu saba. Kanuni ilidai wanane mpaka usajili unapofungwa, Ijumaa ya wiki ya nne. Ikishapita siku hiyo kozi haifutwi, hata watu wakipungua. Miongoni mwa wale saba alikuwa Mama Bhoke wa Robanda, mkulima na mpishi wa kambi, ambaye tembo walimlia mahindi misimu miwili mfululizo. Kozi hiyo tu ndiyo iliyombakia kupata shahada. Nyingine za hiari zilifundishwa siku za kazi, na kambi ilimruhusu Jumamosi pekee. Tena muda ambao chuo humpa mtu kumaliza ulikuwa unamwishia muhula huohuo.

"Nitafutie mmoja tu, mzee," aliniambia. "Hata awe wa kusinzia."

Akatokea mwalimu kijana wa Kemambo, Wambura. Nilimwandikisha kwa furaha kana kwamba nimemzaa mimi.

Jumamosi ya kwanza Mama Bhoke alifika mlangoni mwa darasa, akamwona Wambura ndani, akavuta khanga usoni, akageuka. Wambura naye akasimama akitazama ukuta. Alikuwa mume wa binti yake.

Mimi ni Mkurya. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatajani jina. Nilipaswa kuuliza. Lakini fomu haikuuliza, nami nilikuwa nimezoea kuuliza kile tu kinachoulizwa na fomu.

Nikakimbilia kwa Mkuu wa Kituo.

"Mama, mmoja afundishwe asubuhi, mwingine mchana."

"Watu wanane, mara mbili? Mhadhiri ana koo moja."

"Basi kijana asomee nyumbani."

"Kozi hii ni ya ana kwa ana. Hebu fungua mfumo unionyeshe mahali pa mkwe."

Nikafungua kompyuta. Palikuwa na mahali pa dini, pa ndoa, pa ulemavu. Pa mkwe hapakuwapo.

"Sasa tunafanyaje, mama?"

"Mkongwe ni wewe. Mimi ndiye ninayekuuliza."

Wambura aliamua mwenyewe. Jumamosi hiyo na tatu zilizofuata alikaa nje, ameegemea ukuta wa darasa, daftari gotini. Mhadhiri aliita mahudhurio kwa kupaza sauti, na jibu likatoka nje. Wenzake walimtania.

"Mwalimu, ingia, mvua hiyo!"

"Acheni, hewa ya huku safi."

Sijui kama hawakujua, au walijua wote tangu mwanzo ila mimi.

Jumatatu baada ya usajili kufungwa, aliniletea fomu ya kuahirisha kozi.

"Mbona umesubiri mpaka leo?" nikamuuliza.

"Mzee, ningetoka mapema mngebaki saba. Na siku ya kuwasilisha kazi, kila mtu anasimama mbele ya wenzake. Nitasimamaje?"

"Na wewe utamaliza lini?"

"Mwakani. Mkipata wanane."

Nikagonga muhuri. Muhula ulipoisha, nikastaafu.

Sasa nakaa Nyamisangura, hapahapa Tarime, na vijana hunijia wakitaka niwaambie namna ya kuchagua vizuri. Zamani nilidhani kuchagua ni mtu mmoja na kalamu yake. Sasa nikiona mtu ameinamia fomu, nawaza ni nani wengine wameishika pamoja naye, na mawazo yananichanganyikia.

Matokeo yalipotoka, Mama Bhoke alikuja kunisalimu. Alikuwa amefaulu. Tulikunywa chai, akacheka, halafu akauliza.

"Yule wa nje alipotelea wapi?"

Sikujua kama hiyo ni siri ya ofisi au la. "Aliahirisha," nikasema.

"Lini?"

"Usajili ulipokwisha kufungwa."

Akaweka kikombe chini.

"Mwakani wanatakiwa wangapi?"

"Wanane. Lakini wewe, mama, ukijiandikisha tena utakaa wapi?"

"Nani kasema mimi? Uzee umekuingia, mzee!" Tayari alikuwa amesimama. "Kambini wanasoma wanne chuo hichohicho, hawajachagua kozi ya hiari. Na yule wa nje ni watano. Watatu waliobaki nitawasaka. Ila nitauliza kwanza kila mmoja ameoa wapi."

Akajifunga khanga vizuri, akatoka, akauvuta mlango ukafungwa nyuma yake.