Unywele wa Tisa

Walimwita Bi Jicho, na jina hilo hakulikataa. Miaka thelathini na mmoja alikalia kiti kilekile cha maabara, akitazama kwa hadubini nywele za wanyama waliokufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Shule aliishia mlangoni. Kazi alifundishwa na jicho lake. Mpe unywele mmoja, atazame magamba yake yalivyopangana kama vigae, akuambie: huyu mbuzi, huyu paa, huyu mbwa. Hakosei.

Siku moja akaletewa kipande cha ngozi kilichotoka pangoni, kikavu kama gome. Cha mnyama ambaye ukoo wake ulikwisha zamani sana duniani. Akachomoa nywele saba kwa kibano, akazilaza juu ya kipande cha kioo cha hadubini, akaandika: saba.

Kesho yake akakuta nane.

"Umedondosha wako, mama," alisema mkuu wa maabara, kijana aliyemzidi cheo lakini si umri.

"Wangu mweupe. Huu mwekundu kama kutu. Na kitambaa changu hakijawahi kutoka kichwani humu ndani."

"Basi macho yamechoka. Ukikosea tena, kiti hiki nampa mwingine, ukapumzike."

"Nitapumzika nikifa, mwanangu. Na hata hapo tutaona."

Mkuu akacheka. Bi Jicho hakucheka. Bila kiti kile angekuwa bibi wa kukaa uani kwa dada yake, akiulizwa kutwa kama ameshakula.

Siku hiyo, kabla ya kutoka kazini, alimwita mkuu washuhudie pamoja. Nane. Akakitia kioo kisandukuni, akazungusha uzi, akafunga fundo lake la mara tatu, lile lisilofunguka bila mkasi. Kisanduku akakifungia kabatini, ufunguo akamkabidhi mkuu.

"Ulale nao wewe. Nisije nikasingiziwa."

Asubuhi mkuu akafungua kabati. Fundo zima. Bi Jicho akakata uzi, akatazama kwenye hadubini, akasogea pembeni.

"Tazama wewe mwenye macho mabichi."

Mkuu akainama. Midomo yake ikahesabu bila sauti. Tisa. Zote za mnyama mmoja, magamba yaleyale. Ila ule wa tisa ulikuwa na shina, na shina lilikuwa na unyevu, kama umenyofolewa sasa hivi kwenye ngozi yenye joto. Chumba kizima kikanuka zizi.

"Mama," alinong'ona, "andika saba. Nakuomba."

"Nimeona tisa, naandika tisa. Jicho hili halijanidanganya, nami silidanganyi."

Akaandika, kwa tarakimu yake kubwa iliyopinda.

Habari ya kiti haikutajwa tena. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi, mkuu hubisha hodi kwenye mlango wa maabara ambamo bado hajaingia mtu. Akikaribia kitasa baada ya hodi ya kwanza, Bi Jicho aliye nyuma yake humshika mkono.

"Subiri, mwanangu. Hodi ni mara tatu."