Debe la Mawese

Katikati ya miaka ya hamsini shule yetu ya misheni kule Usevya ilianza kufundisha fizikia, na mwalimu wake nilikuwa mimi, kijana mwenye kaptura iliyopigwa pasi na majivuno tele. Vifaa hatukuwa navyo. Kila nilichotaka kuwaonyesha wanafunzi, niliwaambia walete kutoka kwao.

Tulipofika kwenye nguvu ya hewa nikauliza, "Nani kwao kuna debe lenye kizibo?" Akanyoosha mkono msichana pekee wa darasa lile, ambaye hakuwa na tabia ya kunyoosha mkono. Baba yake alishasema mbele za watu kwamba msichana kusoma ni kupoteza muda. Aliyeng'ang'ania abaki shule ni mama yake, mchuuzi wa mawese soko la Kibaoni. Nikafurahi kweli, nikamwambia alilete. La kufanyia nini, sikusema. Nilitaka washangae.

Kesho yake nikachemsha maji kidogo ndani ya lile debe la mawese la mama yake mpaka mvuke ukatoka kwa fujo, nikaliepua, nikakaza kizibo, nikalimwagia maji ya baridi. Likalia ta! ta! ta! likajikunja lenyewe kama karatasi. Darasa zima likashangilia. Na mimi, jinga kabisa, nikaanza kuhubiri: hewa hii mnayoidharau ndiyo imelifinya! Msichana peke yake hakucheka. Kengele ilipolia alijitwika debe lake akaondoka, mimi bado nachora ubaoni.

Wiki nzima hakuonekana. Kisha akaja mama yake na jogoo mkononi, akapiga magoti mlangoni kwangu.

"Nisamehe, mwalimu. Mtoto amekuletea debe bovu, limekuaibisha mbele ya wanafunzi. Nimeshamchapa. Na baba yake kasema aache tu shule, asije akakutia aibu nyingine."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kusema nimemsamehe, nikapokea jogoo, yakaisha. Wazo hilo lilinijia, sitadanganya. Nikamwinua, nikamweleza kwamba debe lilikuwa zima, kujikunja ndiko nilikokutaka.

Akanitazama. "Kwa hiyo ulijua litaharibika?"

"Nilijua, mama."

"Na yeye hakujua."

"Hakujua."

"Basi nimempiga bure mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka. Nikaanza kuahidi debe jipya, akanikatiza kwa mkono. "Debe baadaye. Baba yake nitapambana naye mwenyewe, shule atarudi. Ila wewe twende sasa hivi, ukamwambie kosa si lake."

Nilimfuata nyuma kama mshitakiwa. Tulimkuta anatwanga mpunga uani. Nikasema yote, mama yake amesimama pembeni. Msichana alinisikiliza ameinamisha kichwa, mchi mkononi, mpaka nikamaliza.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nikirudi nilete nini?"