Jumingan na Stesheni ya Theluji

Kazi yangu ilikuwa kunoa visu, na mnoa visu hakai mahali pamoja. Kila mji una visu vya kutosha siku chache tu, halafu unafunga jiwe lako kwenye baiskeli unaondoka. Lakini kila nilipofika Parakan, pale Jawa chini ya mlima Sumbing ambapo asubuhi baridi inaingia hadi kwenye magoti, sikukodi chumba. Nililala kwa Jumingan, mpika tempe, yale maandazi bapa ya soya iliyochachushwa.

Jumingan alikuwa mtu mfupi, mikono imechakaa kwa kuosha soya, mwenye masikio makubwa ambayo mkewe, Bu Ngatinah, alisema amepewa kwa ajili ya redio tu, kwa sababu akiitwa na mtu hasikii. Redio yenyewe ilikuwa ya mkononi, yenye mfuko wa ngozi uliotobolewa matundu mbele, ikining'inia msumarini karibu na sufuria la soya. Alfajiri alichochea kuni kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akazungusha kitufe taratibu, akipita kwenye mikwaruzo na miluzi kama mtu anayepapasa kibiriti gizani, mpaka apate sauti kutoka ng'ambo. Siku zile televisheni ilikuwa moja, kwa mkuu wa kata. Ulimwengu wote uliobaki ulikuwa kwenye ule mfuko wa ngozi.

Walikuwepo wengine kama yeye pale mtaani, wakaunda kilabu cha wasikilizaji. Jumapili asubuhi walikuja kukaa barazani kwa Jumingan, Bu Ngatinah akikaanga tempe, chai ikimiminwa, na kila mmoja akionyesha kadi alizopata. Maana stesheni za mbali zina desturi hiyo: ukiisikia, unaiandikia. Unawaambia nani alizungumza, muziki ulikuwa wa namna gani, sauti ilikuwa na nguvu kiasi gani. Wao wanalinganisha na walichorusha, na wakiona kweli ulisikia, wanakutumia kadi nzuri ya picha kuthibitisha. Usiposikia, hupati. Ukuta wa Jumingan ulijaa kadi: minara, ngamia, madaraja, mabibi waliovaa vilemba vya maua. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake wote, na kiti cha mwanzi chenye mto kilikuwa chake bila mtu kusema.

Halafu ikaja Stesheni ya Theluji.

Hilo si jina lake, ni sisi tulioiita hivyo. Ilikuwa stesheni ndogo ya nchi moja ya baridi huko kaskazini, iliyoanza kutangaza kwa lugha yetu kila alfajiri, muda mfupi tu, kwa sauti dhaifu. Jumingan aliitafuta akachoka. Jiko lake lilikuwa chini ya bati, na nyuma yake ghala la tumbaku liliziba njia kama ng'ombe amelala mlangoni. Alichopata ni mchemko wa mafuta tu. Lakini jirani yake, Pak Warsidi, aliipata safi kabisa.

Warsidi alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mpole kwa namna inayokera. Alifuga tetere wa kuimba, na kama wafugaji wote wa tetere alikuwa na mti mrefu wa mwanzi uani, wa kupandishia kizimba juu kwa kamba jua likishatoka. Tetere wake wa zamani alikuwa amekufa, mti umebaki mtupu. Warsidi akafunga waya wa redio yake kwenye ile kamba, akaupandisha hadi kileleni. Basi. Kumbe ndiyo dawa yenyewe.

Akaandika, akatumiwa kadi yenye picha ya paa mwenye pembe kama matawi makavu, pamoja na kibendera cha hariri chenye vishada vya dhahabu. Kibendera! Jumingan kwa miaka yote hakuwa amepata kibendera.

Jumapili iliyofuata watu walikwenda kwa Warsidi kukiona. Jumapili nyingine wakaenda tena, alfajiri safari hii, maana sasa wangeweza kuisikiliza yenyewe. Na nyingine. Tempe ya Bu Ngatinah ikapoa kwenye sahani.

"Si uvuke uchochoro tu uende na wewe?" mkewe alimwambia. Nilikuwepo, nanoa shoka la kuni. "Ni hatua kumi."

"Niende nikakae kwenye kigoda cha Warsidi?"

"Basi mwombe waya wako nao upande kwenye ule mti."

"Nimwombe Warsidi! Mimi! Mtu niliyemfundisha kitufe kinazungushwa upande gani! Alikuwa anadhani mikwaruzo ni betri imeoza."

"Pakne," alisema, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao, "una wivu."

"Sina wivu. Nina koo tu linaniwasha." Akanigeukia mimi, ambaye aliniita Pakde, yaani baba mkubwa. "Pakde, wewe unatembea sana. Kwingine umeona watu wanaohama baraza ya mtu kwa sababu ya kitambaa chenye vishada?"

Nilimwambia nimeona watu wakihama kwa sababu ndogo zaidi. Hakufurahi.

Niliporudi baada ya majira ya mvua kuanza, nilimkuta amekonda. Na nikagundua jambo. Alfajiri soya zilichemka zenyewe. Jumingan alikuwa uchochoroni, amekaa kwenye ukingo wa kisima, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mwanzi wa Warsidi, macho amefumba. Ndani, Warsidi alikuwa akisikiliza Stesheni ya Theluji. Ukuta wa mwanzi hauzuii hata kikohozi.

"Unanusa kuta za watu sasa?" Bu Ngatinah alimpigia kelele ya kunong'ona. "Soya zinaungua!"

"Nyamaza, wanasoma habari."

Baadaye, akifunga tempe kwenye majani ya mgomba, aliniambia kwa fahari ya siri, "Nimewaandikia, Pakde. Nimeweka kila kitu. Habari, mazungumzo ya uvuvi, wimbo wa watoto. Nimesikia mpaka kitu ambacho Warsidi sidhani kama amekitia maanani."

"Kitu gani?"

"Alama yao ya kufungulia." Kila stesheni inayo, aliniambia, ili msikilizaji ajue amefika: hii kengele, ile ngoma, na wapo hata wanaofungua kwa mlio wa ndege, kadi ya mmoja wao iko pale ukutani. "Hawa wanaanza na filimbi ya mti, halafu tetere analia. Mara tatu, nne. Tetere mtamu huyo, sauti yake inatua mwishoni kama upatu mkubwa. Nimewasifu sana kwa huyo tetere. Mtu wa stesheni akisoma hivyo, atajua huyu ni msikilizaji, si mtu wa kuokota vibendera."

Nilitaka kumuuliza nchi ya theluji tetere anaishi vipi. Lakini sikusoma sana, na mambo ya redio hayakuwa yangu. Nikarudi kwenye jiwe langu.

Alingoja, na mimi mvua ikanizuia pale wiki kadhaa. Kila mtu wa posta alipopita na baiskeli alisimama mlangoni akijifanya anakung'uta majivu. Alikuwa ameshapanga: kibendera kikija kitatundikwa juu ya kile kiti cha mwanzi, na Jumapili itarudi nyumbani kwake. Alisema hivyohivyo, "itarudi nyumbani," kama mbuzi aliyepotea.

Stesheni ile ilikuwa na kipindi cha kusoma barua za wasikilizaji, Jumapili. Jumingan akapiga hesabu za safari ya barua, akaamua sasa imefika na huenda itasomwa. Lakini kujisikia mwenyewe kupitia ukutani, wakati kilabu chote kiko upande wa pili, hapana. Akavaa shati la batiki, akavuka uchochoro, nami nikamfuata.

"Aa, Pak Jumingan!" alisema Warsidi. "Karibu, karibu. Tulidhani umehamia kwenye televisheni."

"Sogeeni, mkubwa amekuja," alisema Pak Mulud, mwendesha becak, ile baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu, ambaye mdomo wake haukupumzika hata miguu ikipumzika. "Mpeni kigoda chenye miguu yote."

Mvua ilikuwa inapiga mpaka barazani, kwa hiyo Warsidi akatuingiza chumba cha nyuma, ambamo waya uliingilia. Tulibanana. Karibu na dirisha la uchochoroni palikuwa na kizimba kimening'inia, kimefunikwa kitambaa cheusi hadi chini. Hakuna aliyekiuliza. Kwetu ndege mgeni hafunuliwi mpaka azoee nyumba, maana jicho la mwenye wivu humkausha koo, na kuuliza habari zake ni kama kuuliza mimba ya mke wa mtu. Jumingan mwenyewe alikipita kwa adabu bila kukitazama.

Warsidi akazungusha kitufe. Mikwaruzo, mluzi, halafu filimbi ya mti, safi.

Na tetere akalia. *Huur, ketekuk, kuung.*

"Mnasikia?" Jumingan alinyanyua kidole, uso unang'aa. "Huyo! Huyo ndiye tetere wao! Kila siku anafungua yeye. Sikieni anavyotua mwishoni!"

Sisi tuliokaa karibu na dirisha tulikuwa tumesikia sauti ilikotoka. Warsidi alimtazama Jumingan, akatazama ukuta wa mwanzi, akamtazama tena.

"Pak Jumingan," alisema taratibu, "redio yako si haiipati stesheni hii?"

"Haiipati... wakati mwingine inaipata."

"Na tetere unamsikia."

"Vizuri tu."

Pak Mulud alikuwa ameshaziba mdomo kwa viganja viwili. Kabla mtu hajasema lingine, dada mtangazaji akaanza barua, na ya kwanza ilikuwa yenyewe. Akataja jina, Bapak Jumingan, Parakan, Jawa ya Kati. Nilimwona Jumingan akikaa wima kama bwana harusi.

"Bapak Jumingan anamsifu sana tetere wetu anayelia baada ya filimbi," dada alisoma, na sauti yake ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "Bapak, tumemtafuta. Studio yetu iko ghorofani, nje theluji imefika dirishani, na ndege pekee hapa ni kuku wa kantini, naye ameshapikwa. Lakini mengine yote umesikia sawasawa, kadi yako inakuja. Tunaomba utuambie, huyo tetere ni nani? Mpe salamu zetu."

Wakapiga filimbi kidogo kupisha barua nyingine. Chini ya kitambaa cheusi, *huur, ketekuk, kuung.*

Pak Mulud aliteleza kwenye kigoda akaanguka chini. Chumba kizima kilicheka, mtu akajimwagia chai. Jumingan hakucheka. Masikio yake makubwa yalikuwa mekundu hadi ncha, na alitazama kile kizimba kama mtu anayetazama mwizi aliyemjua tangu zamani. Nilidhani atatoka. Nadhani na yeye alidhani hivyo, ila mlango ulikuwa mbali na magoti ya watu yalikuwa mengi.

Aliyesimama ni Warsidi. Kwa mara ya kwanza niliona upole ukimtoka.

"Umekaa kwenye kisima changu, ukaegemea ukuta wangu, ukasikiliza redio yangu!"

"Kisima ni cha wote," alisema Jumingan kwa sauti ndogo.

"Na ndege wangu! Ndege niliyemnunua Wonosobo, nikamfunika, sikumwambia hata shemeji yangu! Mimi hawa watu nimewaandikia barua ngapi? Hakuna hata moja iliyosomwa. Kadi na kibendera wakanitupia, basi, kimya. Ndege nimlishe mimi, redio niinunulie betri mimi, halafu jina lisomwe lako, na salamu apelekewe tetere!"

Pale ndipo Jumingan alipoinua uso. "Hawajawahi kukusoma?"

"Hata siku moja."

"Hata kwa kupita?"

"Nimeshasema hata siku moja!"

Sitasema Jumingan alifurahi. Lakini rangi ilimrudia, akavuta kigoda chake karibu kidogo na redio.

Kadi ilifika, picha ya paa yuleyule. Kibendera hakikuwemo. Upande wa nyuma, chini ya jina la Jumingan, dada wa redio alikuwa ameandika kwa mkono, "na kwa tetere." Warsidi akadai nusu ya kadi ni ya ndege wake, Jumingan akadai barua ni yake, wakabishana wiki nzima pale kisimani hadi Bu Ngatinah akachukua kadi, akaitoboa kwa kisu nilichomnolea mimi, akaifunga kwa uzi kwenye kizimba.

"Haya," alisema. "Mwenye salamu zake anazo."

Jumapili haikurudi barazani kwa Jumingan. Haikubaki kwa Warsidi pia, maana baada ya kipindi kile watu walitaka kumwona ndege, na Warsidi hakupenda macho mengi chumbani. Waliishia uchochoroni, redio dirishani, vigoda kuzunguka kisima, tempe ikitoka upande mmoja na chai upande wa pili. Jumingan alileta kiti chake cha mwanzi. Warsidi naye akaleta chake, chenye mto mnene zaidi. Kila mmoja alikaribisha wageni kwa sauti kuliko mwenzake.

Mara yangu ya mwisho kupita Parakan tetere alikuwa ameshafunuliwa, kadi imepauka kwa jua la huko juu kwenye mti wa mwanzi. Nilimkuta Jumingan peke yake kisimani. Alinivuta kando kwanza, hata kabla hajaniuliza habari za safari.

"Pakde," alinong'ona, akiangalia dirisha la jirani, "jana Warsidi alikwenda sokoni. Nikapiga mluzi ile filimbi, mdomo mtupu. Yule ndege akanijibu. Mara tano! Usimwambie."