Maji Yasiyo na Kanisa

Nilimwaga mavi ya punda katika kisima cha jirani yetu Mwislamu. Nasema mapema, usije ukanipenda halafu ukajuta. Nilikuwa darasa la nne. Sasa niko kidato cha tatu, na likizo hii nimerudi Migwani nikakuta mtoni kumewekwa mfereji wa maji ya bomba.

Kama hukulelewa huku, kisima chetu si kile cha kujengwa. Mto ukikauka, kila familia huchimba shimo lake mchangani, ikalizungushia miiba, ikangoja maji yajikusanye. Asubuhi ulisikia vikombe vikikwaruza mchanga na punda wakilia. Shimo letu na la jirani, mwenye duka, yalikaribiana hadi miiba ikashikana.

Mwalimu wa Sunday School alitufundisha kwamba maombi ya jirani hayapiti dari. Nilipompelekea Susu, nyanya yangu, habari hiyo njema, alicheka mpaka ugoro ukamtoka. Susu alikuwa mama wa kanisa kabisa, lakini hakunywa uji kabla ya kuwadondoshea kidogo chini wazee waliokufa, na mwezi wa kufunga yeye ndiye aliyempelekea jirani uji wa jioni.

“We kijana, ua wa miiba ni wa huku juu,” aliniambia. “Huko chini maji hayana kanisa.”

Nikataka kumwonyesha kwamba amezeeka vibaya. Jirani alipoenda kuswali nikamwaga nusu ndoo, nikakaa ninuse shimo letu. Halikunuka. Nikarudi nyumbani nikijua Mungu ni wetu peke yetu, nikala muthokoi sahani mbili.

Kumbe maji hayana haraka. Sisi wengine tulikunywa chai. Susu alipenda maji mabichi, baridi, ya kwanza kuchotwa. Kabla wiki haijaisha alianza kuhara, akaisha mwilini kama sabuni.

Jirani, ambaye kisima chake kilishaoza, alimletea maji ya mbali kwa punda, akasimama kando ya kitanda akainua viganja. Pasta alikuja na mafuta, akataka jirani afukuzwe.

“Pasta, mwache naye achote,” Susu akanong'ona.

Wakaomba wote wawili, mimi nikiwa nyuma ya mlango. Nadhani maombi yalifika pamoja, maana yalikataliwa pamoja. Susu alikufa.

Matangani watu wakasema jirani ameloga maji. Duka lake likapigwa mawe. Hapo ndipo nilipomwambia mama.

Leo mfereji unatoa maji bila kungojana. Miiba imeoza, mashimo yamefukiwa, jirani alishahama, na hakuna anayedondosha uji chini. Nikisimama pale bado naonja kile kikombe. Maana mama hakunichapa. Alinivuta sikio hadi mtoni, akachota kwa jirani nusu, akajazia kwa shimo letu, akanishikisha.

“Kunywa,” alisema. “Halafu uniambie ni dini gani.”